Ganda la risasi: kubana lote au shingo tu, kwa mwenye bunduki ya risasi moja moja

Huu ubishi hapa Tabora upo miaka yote, kati ya mafundi wa mashine na wazee waliowahi kufanya kazi kambi za uwindaji kule Ugalla na Moyowosi, na unapamba moto zaidi msimu ukifunguliwa Julai wageni wakaanza kushuka na bunduki zao. Swali lenyewe ni hili: risasi ikishapigwa linabaki ganda la shaba, sasa mtu mwenye kibali akitaka kulijaza tena, alibane lote kwenye dai, ile kalibu ya chuma ya kubania, lirudi karibu na saizi ya kiwandani, au abane shingo tu ili ishike kichwa cha risasi, mwili wa ganda auache ulivyotoka kwenye chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu linamokaa?

Wengi wanajibu harakaharaka kwa sababu walichosoma ni habari za bunduki za bolti, zinazofungwa kwa komeo la kusukuma na kuzungusha. Mimi naongelea ya risasi moja moja, ile ya bloki, kipande cha chuma kinachopanda kuziba nyuma ya chemba, kama Ruger No. 1 na Martini za zamani, au ile ya kukunja mtutu, na hapo hesabu inabadilika. Hata hilo neno risasi moja peke yake halitoshi, maana askari wengi wa Wajerumani waliokuwa huku kwenye vita ile iliyowaleta Wabelgiji Tabora Septemba 1916 walibeba Mauser ya 1871, ni ya risasi moja lakini inafungwa kwa bolti. Kwa hiyo cha kuuliza kwanza ni bunduki inafungwaje na ganda linatolewaje, idadi ya risasi baadaye.

Na tuelewane kabla sijaendelea. Marekani na Afrika Kusini kujaza risasi ni kitu cha kawaida, mtu ana presi yake, mashine ya kubania maganda, mezani nyumbani, ila kwetu silaha na risasi ziko chini ya sheria ya udhibiti ya 2015 na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, kwa hiyo haya ni ya mwenye karatasi zake zote na ni ya sisi mafundi tunaopenda kuelewa shaba inafanyaje kazi. Magobore sipo huko.

Sasa ganda lenyewe. Ni mchanganyiko wa shaba asilimia 70 na zinki 30, na kazi yake kubwa watu wanaisahau, sio kubeba baruti tu, ni kuziba. Baruti ikiwaka presha inalitanua ganda mpaka linabana kwenye kuta za chemba, gesi inakosa pa kupita kurudi nyuma, afu presha ikishuka shaba inajirudi kidogo, kidogo tu, ndio maana linatoka. Yaani ganda lililopigwa limeshachukua umbo la chemba ile ile iliyolipiga.

Hapo ndipo wa shingo tu wanaposimama na wana hoja ya kweli. Wanasema ganda limeshajipima lenyewe, likirudi kwenye bunduki hiyo hiyo linakaa katikati halichezi, na shaba usipoibana na kuitanua kila mara haichoki mapema, manake shaba ukiifanyia kazi baridi inakuwa ngumu na mwisho inapasuka. Tena wana ushahidi mkubwa kwenye maganda yaliyonyooka yasiyo na bega, yaani pale mwili unapopungua kuelekea shingo, chukua .45-70 ya mwaka 1873, kikomo chake cha presha kwa kipimo cha Kimarekani ni paundi 28,000 kwa inchi ya mraba wakati .308 inafika 62,000, kwa presha ndogo hivyo ganda linajirudi vizuri na linaingia tena kwa kidole bila kubanwa mwili. Wapiga shabaha wa zamani wa Marekani wa mtindo ule wa Schuetzen walikuwa wanaweza kutumia ganda moja hilo hilo, wanajaza, wanapiga, wanajaza tena pale pale, kichwa cha risasi wanakitanguliza kwenye mtutu ganda linafuata nyuma, na shabaha zao zinaheshimiwa mpaka leo. Kwa hiyo mzee anayesema usiguse mwili wa ganda haongei ya kubuni, kuna sehemu amepatia kabisa.

Ila kuna kitu anakiruka, nacho ni nguvu. Bolti ukiizungusha kufunga ina mteremko unaosukuma ganda lililobana mpaka liingie, na ukifungua mteremko mwingine unalivuta litoke. Bunduki ya bloki haina hiyo neema, ganda unalisukuma kwa dole gumba, likigoma milimita mbili za mwisho bloki haipandi, na kulitoa unategemea kikono kidogo tu kinachonasa ukingo wa kitako. Za kukunja ndio zaidi, kwa sababu zikipigwa zinajinyoosha kidogo kule kwenye kufuli, ganda linaumbika bunduki ikiwa imejinyoosha afu bunduki inarudi, sasa ganda limekuwa refu kuliko nafasi yake. Mara ya kwanza litaingia, ya pili litasumbua, mbele ya hapo unafunga kwa kulazimisha.

Hilo kwenye uwanja wa shabaha ni usumbufu tu. Porini ni habari nyingine. Kwa wanyama hatari kama nyati sheria za uwindaji kwetu zinataka bunduki isiyopungua .375, mtu amesimama kwenye miombo mwezi wa tisa, vumbi limeingia kila mahali, jua limeipasha shaba na chuma, risasi ya kwanza imejeruhi, ya pili haitaki kuingia. Haya sio ya kubuni, Waingereza yaliwakuta Abu Klea kule Sudan Januari 1885, Martini-Henry zao ziling'ang'ania maganda ndani ya chemba katikati ya vita, joto na mchanga na maganda dhaifu ya bati jembamba la shaba lililokunjwa, na watu walikufa. Kwangu mimi hapa ubishi umeisha, bunduki ya kuwindia isiyo na bolti ganda lake lirudishwe mwili mzima, kama halidondoki lenyewe ndani ya chemba basi halifai kwenda nalo porini.

Lakini wanaoshinda kwa hoja hiyo nao wanaenda kuharibu mbele, na hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu linafanywa na watu makini. Wanashusha dai mpaka igonge kishikio cha ganda kwenye presi, kama karatasi ya maelekezo inavyosema, basi. Sasa maganda mengi ya bunduki hizi yana ukingo kitakoni, kama .303 au 9.3x74R, na .375 H&H ya 1912 ina mkanda juu kidogo ya kitako, na huo ukingo au mkanda ndio unaolisimamisha ganda kwenye chemba, kwa hiyo mtu anajiambia bega halina kazi, likirudishwa nyuma kupita kiasi shida iko wapi, mbona bunduki inafunga laini.

Shida iko kwenye shaba. Bega likirudi nyuma sana linaacha uwazi mbele yake. Ukipiga, ubavu wa mbele unang'ang'ania kuta, bega linarushwa mbele kujaza ule uwazi, na shaba ya kufanyia hivyo inavutwa kutoka chini, pale juu kidogo ya kitako. Ukibana tena vile vile inavutwa tena, pale pale. Nje utaona mstari unaong'aa unazunguka ganda, na kabla haujaonekana unaweza kuuhisi kwa ndani, chukua waya mwembamba wa chuma, kunja ncha yake iwe kandoano kadogo kakali, ingiza kwenye ganda tupu mpaka chini afu uvute juu polepole huku unakwaruza ukuta, ncha ikinasa kwenye mfereji hilo ganda limekufa, liponde kabisa mtu asije akaliokota. Likikatika siku ya kupiga kitako kinatoka na kipande cha mbele kinabaki chembani, na gesi ikipata njia ya kurudi nyuma uso wako ndio uko pale.

Kwa hiyo mimi nipo na wa kubana lote, ila dai ipimwe kwa chemba ya bunduki yenyewe, habari ya karatasi ya kiwandani iwekwe pembeni. Unaipandisha dai juu kwanza, unabana ganda tupu lisilo na fataki wala baruti, unalijaribu kwenye chemba, likigoma unashusha dai kidogo sana, unarudia, mpaka bloki ipande bila kusukumiza. Hapo bega limerudi kama nusu ya sehemu ya kumi ya milimita hivi, hata isifike, na venia nzuri yenye kipimo cha bega itakuonyesha. Ganda libaki likisimamia bega lake hata kama lina ukingo au mkanda. Ni kazi ya uvumilivu, jioni nzima inaweza kuisha kwa bunduki moja, lakini ukishafunga nati ya dai umemaliza.

Mahali ninapomwachia mzee ushindi ni bunduki za kizamani zenye chemba pana. Martini za kijeshi zilichongwa kwa nafasi kubwa ili ziingize risasi hata zikiwa chafu, ukilichukua ganda lililotanuka humo ukalipitisha kwenye dai ya kisasa unalibana kupita kiasi, na halitafika mbali. Hiyo kama ni presha ndogo na ni ya shabaha, bana shingo au sehemu ya juu tu, mwili uache, au tafuta mtu wa leizi akuchongee dai ya chemba yako.

Na mwenye bunduki mbili za saizi moja asichanganye maganda yake. Dai iliyopimwa kwa moja haijui nyingine, weka mifuko miwili, andika namba ya bunduki kwa kalamu ya maka juu ya kila mfuko.