Kwenye boti ya sherehe jioni, kila mtu avae jaketi

Mama mdogo wa rafiki yangu aliomba jaketi la kuokolea na boti nzima ikamcheka. Hasira zangu zimeanzia hapo na mpaka naandika hii bado hazijaisha.

Ilikuwa bethdei, Unguja, tumepanda jahazi pale Shangani alasiri imeshapoa, watu tumependeza kweli, maputo yamefungwa kwenye mlingoti, vinywaji kwenye deli la barafu, spika mbili kubwa na dijei wake. Mama mdogo katokea Morogoro, maji mengi aliyowahi kukaa juu yake ni ya feri ya kuja hapa. Akamwita kijana mmoja wa chomboni kwa adabu kabisa, "mwanangu, yale majaketi ya mtu kuvaa asizame yako wapi?" Kijana akajibu, "Yapo mama, yapo chini huko, usiwe na wasi, bahari leo shwari." Basi mabinti wakadakia, mara "ma'mdogo utatuharibia picha," mara "kwani tunaenda vitani," kicheko mpaka huko mbele. Yule mama akanyamaza. Akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili na hakuuachia. Wengine wanacheza yeye kashikilia benchi, keki imekuja kapokea kwa mkono mmoja kairudisha, na mtu mzima wa heshima zake, amelea watoto wa watu, anachekwa kwa sababu kauliza swali ambalo nahodha ndiye alitakiwa kulijibu kabla hata kamba haijafunguliwa.

Msije mkanielewa vibaya, mimi hizi safari za jioni nazipenda sana. Nani asiyependa kuuona Mji Mkongwe ukiwa majini, jua limeanza kushuka, kuta zote zimeingia rangi ya dhahabu, Ngome Kongwe ile pale, Beit el Ajaib ile pale (bado inaniuma kila nikiiona tangu sehemu yake ilipoporomoka Desemba 2020), halafu wanapandisha tanga, injini inazimwa, upepo unashika na chombo kinalala kidogo, unasikia maji tu yanapita ubavuni. Kachori za moto, tangawizi ya baridi, anayetaka bia anapata bia yake. Kwa watu wanaoshinda kwenye foleni na kwenye kompyuta wiki nzima hiyo ni dawa, na sitaki mtu yeyote aipige marufuku. Ninachotaka ni kimoja. Kila mtu avae jaketi, kuanzia kamba inapofunguliwa mpaka inapofungwa, mnywaji na asiyekunywa, anayejua kuogelea na asiyejua, mtalii na mwenyeji, na mwenye bethdei yake pia.

Tuanze na saa yenyewe. Hii ni safari pekee ya starehe ambayo watu wanaondoka kwa makusudi ili giza liwakute majini. Huku kwetu tuko karibu na ikweta, jua halizami kwa mshazari kama Ulaya kule wanakokaa na mwanga mpaka usiku wa manane, kwetu linashuka wima. Saa 12 na robo hivi, au 12 na nusu na kitu kutegemea mwezi, limeshagusa maji, na dakika 20 na kidogo baadaye huoni sura ya mtu aliyekaa benchi la pili. Sasa hapo ndipo watu wamechangamka, chupa zimeshazunguka, ndio singeli inawekwa, na ndio safari ya kurudi inaanza. Mtu akiteleza akadondoka saa hiyo kichwa cha mtu kwenye maji meusi hukioni hata akiwa hatua chache tu. Jaketi la maana lina utepe unaong'aa ukimulikwa na tochi, lina na filimbi. Asiye nalo ana sauti yake, na sauti yenyewe hana, maana mtu anayezama hapigi mayowe kama kwenye sinema, mdomo wake unahangaikia hewa, hauna nafasi ya kuita. Na hata angeita, spika mbili zile nani angemsikia?

Halafu kuna suala la chombo chenyewe, na hapa ndio naomba watu wanisome taratibu. Wazee wa bahari wanajua kwamba chombo kinasimama kwa uzito ulioko chini. Ndio maana jahazi likiwa halina shehena linawekewa farumi kule ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, mawe au mchanga, lisije likayumba hovyo. Sisi kwenye sherehe tunafanya kinyume chake. Tunapandisha uzito juu, watu wanasimama, wengine wako juu ya paa kwenye zile boti zenye paa, wanaruka kwa mdundo mmoja, kushoto wote, kulia wote. Halafu linafika lile tukio lenyewe tulilolipia hela, jua linakaribia maji, na jua liko upande mmoja tu! Watu wote, simu juu, wanahamia upande ule kwa mara moja. Mimi siku ile niliona maji yanapanda ubavuni na nikamwona nahodha anapiga kelele watu warudi kati, hakuna aliyegeuka. Nahodha mzoefu anaweza kukizungusha chombo taratibu kila upande upate zamu yake ya jua, nimewahi kuona wanaofanya hivyo na ni raha tupu, hakuna anayekimbilia kokote. Ila hiyo inataka abiria wanaosikia, na abiria wa saa 12 na nusu mwenye glasi mkononi sio yule aliyepanda saa 11.

Waganda hii habari wanaijua kwa machozi. Jumamosi jioni ya tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iliyoitwa MV Templar ilipinduka Ziwa Victoria upande wa Mukono. Walikuwa kwenye pati, muziki na vinywaji, vijana wenye kazi zao na maisha yao. Ndani walikuwa zaidi ya watu 90 na polisi walisema uwezo wa boti ulikuwa watu 50 hivi. Waliokufa ni zaidi ya 30. Waliokimbilia kuokoa mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao. Na haikuwa katikati ya ziwa kusema mbali sana hawakufikiwa, ilikuwa karibu na ufukwe. Nikikumbuka picha za siku ile, wale watu wamevaa vizuri kama tulivyovaa sisi, huwa siwezi kumaliza kuangalia.

"Yapo chini" ndio jibu linalonikasirisha kuliko yote, kwa sababu mtu akisikia hivyo anaona basi mambo yako sawa. Jaketi lililoko chini ya benchi, limefungwa kwenye gunia, juu yake wamekaa watu na makreti ya soda, hilo ni la mkaguzi, halimsaidii abiria. Mjini Budapest, 29 Mei 2019, boti ndogo ya watalii ya Hableány iligongwa na meli kubwa usiku kwenye mto Danube, ndani watu 35, wengi watalii kutoka Korea Kusini waliokuwa wametoka kuangalia taa za mji, kitu kile kile tunachofanya sisi. Waliookolewa 7. Polisi wa Hungary walisema boti ilizama kwa kama sekunde 7. Hebu nihesabie, kwa sekunde 7 nani anashuka ngamani, anafungua gunia, anatafuta saizi yake, anafunga mikanda mitatu, tena gizani, tena amelewa? Hayupo. Kama hujalivaa tayari, huna jaketi.

Na sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa na Danube. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, watu waliopona wengine walishikilia magodoro yaliyokuwa yanaelea. Magodoro! Mwaka uliofuata, 18 Julai 2012, Skagit ikapinduka ikiwa imeshakaribia Unguja, usawa wa Chumbe huko. Najua zile zilikuwa meli za abiria na hizi zetu ni za starehe, lakini maji ni yale yale, na kila familia hapa ina mtu wake aliyemzika au asiyempata wa kumzika. Kwa hiyo mtu akikaa kwenye bahari hii akamcheka mama anayeuliza jaketi mimi siwezi kulichukulia kama utani wa kawaida, niwieni radhi.

Sasa mtaniambia wale mabinti ni watoto, wanatania. Sawa. Lakini kicheko kile kilifanya kazi. Walikuwepo wengine pale, mmoja aliniambia tulivyoshuka, waliokuwa wanataka kuomba na wakaogopa. Ndio maana nasema jaketi lisiwe hiari. Likiwa hiari, anayeomba ndio anaonekana mshamba, muoga, mzee, na hakuna binti wa miaka 23 aliyetoka saluni atakayekubali kuwa wa kwanza. Likiwa amri hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Angalieni Kigali, abiria wa pikipiki anapewa helmeti anavaa, kila mtu, mwenye nywele za kusuka na mwenye suti, na hakuna anayemcheka mwenzake kwa sababu hakuna asiyevaa. Chomboni mwenye amri ni nahodha, na wahenga walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama, sasa sisi tumefanya kila abiria awe nahodha wa mwili wake mwenyewe huku anakunywa. Aseme tu, sing'oi nanga mpaka wote mmefunga. Dakika tano. Watalii nina hakika hawatabisha.

Nakubali, majaketi yale ya machungwa ni ya joto. Nakubali mengi yananuka, hayakaushwi, na gauni la laki moja na nusu halionekani ukilivaa juu. Nakubali pia, na hili nalikubali kwa shingo upande, kwamba manahodha wetu wengi ni mafundi hasa, wamezaliwa kwenye maji, wanajua kusi na kaskazi kuliko simu yoyote ya hali ya hewa, na safari nyingi zinakwenda na kurudi salama salimini. Lakini ufundi wa nahodha hauogelei kwa niaba ya mtu aliyedondoka. Kuhusu mapambo, siku hizi kuna aina nyembamba zinazokaa kama mkanda au ukosi, zinajaa hewa zenyewe zikigusa maji, unacheza nazo bila shida. Ni ghali, ndiyo, zinataka kutunzwa pia, lakini boti inayopata hela za watalii inaweza kununua kidogo kidogo. Na kama hazipo, tuvae ya machungwa tupige picha na machungwa yetu, jua litazama vile vile.

Wengine hujibu "mimi najua kuogelea". Unajua kuogelea mchana, mzima, na nguo ya kuogelea. Usiku, na glasi nne kichwani, na jinzi, na viatu, mkondo unakuvuta, hiyo ni habari nyingine. Pombe inaondoa ule uwezo wa kujua juu ni wapi. Na tusijidanganye, wengi wetu hatujui kabisa, hata tuliozaliwa pwani, hasa wanawake, ndio maana ule mradi wa Panje kule Nungwi wa kufundisha wasichana kuogelea nilipousikia nilifurahi mpaka nikataka kulia.

Nahodha na vijana wake wasinywe hata tone, hapo hakuna mjadala. Abiria wahesabiwe, na idadi ikifika ikifika, hata kama aliyebaki nje ni binamu ya mwenye boti. Spika zipunguzwe mkipita mbele ya mji wakati wa Magharibi, watu wanaswali, ni heshima tu na haimpunguzii mtu raha. Na vikombe vya plastiki msitupe baharini jamani.

Huku Zanzibar ipo Mamlaka ya Usafiri Baharini, bara ipo TASAC, kazi ya kukagua vyombo ni yao na wanaweza kuhesabu majaketi bandarini. Lakini mkaguzi hapandi na sisi saa 11 jioni. Tunaopanda ni sisi, na wenye hela ni sisi, na hilo ndilo ambalo watu hawalioni. Kijana anayeuza tripu ufukweni anasikiliza kitu kimoja tu, mteja anauliza nini. Wateja wote wakiuliza kuna mkaa wa shisha, ataleta mkaa wa shisha. Kumi wakiuliza majaketi mangapi, ya watoto yapo, na tutavaa kabla ya kuondoka au vipi, wiki ijayo atayatoa kwenye gunia ayaanike juani.

Desemba inakuja, sherehe za ofisi, vikundi vya vikoba, watu wa send-ofu, boti zote zitajaa. Wewe unayepanga na kukusanya michango, ukipiga simu ya kuweka nafasi uliza hayo kabla hujauliza bei ya kreti. Halafu andika kwenye grupu mapema kabisa, rangi ya nguo ni hii, mchango ni huu, na kila mtu atavaa jaketi muda wote tukiwa majini. Asiyetaka atatusubiri hotelini, tutamkuta tukirudi, chakula cha usiku tutakula naye.