Tarehe 30 Mei ni yangu, na ni ya Nairobi pia

Mapema mwezi huu Hamburg, hapa Ujerumani, ilisherehekea siku ya kuzaliwa ya bandari yake, na tangu hapo moyo wangu haujatulia. Watu walifurika kando ya mto Elbe, wazee kwa watoto. Meli za matanga ziliingia zikipiga honi, na zile boti zinazovuta meli kubwa zikacheza ngoma majini hadi machozi yakanilenga. Wanahesabu kuanzia tarehe 7 Mei 1189, siku ambayo Kaizari Friedrich Barbarossa anasemekana aliwapa hati ya kupitisha bidhaa mtoni mpaka baharini bila ushuru. Nasema anasemekana kwa kuwa wanahistoria wao wenyewe wanakubali hati hiyo ni ya kughushi, iliandikwa baadaye sana. Wanalijua hilo, na bado kila Mei wanajaa mtoni.

Mimi nilizaliwa Pumwani, Nairobi, tarehe 30 Mei. Tarehe hiyohiyo mwaka 1899, reli kutoka Mombasa ilifika maili ya 327, kwenye uwanda wa kinamasi ambako Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe. Kambi ya reli ikawa mji, na kufikia 1905 mji huo ulikuwa umeinyang'anya Mombasa makao makuu ya serikali. Hatuna haja ya kughushi chochote, tarehe yetu inajulikana. Haya, niambieni: ni lini mara ya mwisho mlimsikia mtu, iwe kwenye matatu, iwe redioni, akisema leo ndiyo siku reli ilipofika Nairobi?

Najua majibu yameshaanza. "Huyu amekanyaga Ulaya juzi, leo anatufundisha Nairobi." Sikiliza ndugu yangu, sijasema Hamburg ni bora. Nikiwa chuoni, siku yangu ikifika wenzangu walinivizia nje ya bweni na ndoo za maji, hakuna aliyealikwa na kila mtu alikuwepo. Hapa Ujerumani anayezaliwa ndiye anayebeba keki kuwapelekea wenzake kazini. Mwaka wa kwanza niliwakatia keki yangu, wakanishika mkono mmoja mmoja, kisha nikarudi nyumbani nikiwa mkavu kabisa. Nililia. Kwa hiyo usiniambie nimewasahau. Nikiwa Nairobi nalalamika kama ninyi, na nikiwa hapa sikubali mtu aiseme vibaya.

Lakini ukweli lazima niuseme. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee, na hapo siku ya kuzaliwa ya mtu haipiti hivihivi. Tarehe zote ziko kwenye kalenda ukutani. Usithubutu kumpongeza mtu kabla ya siku yenyewe, wanaamini unamletea mkosi. Hata mzee aliyesahau jina la bintiye, siku yake ikifika anakuta maua mezani na watu wanamwimbia. Kila nikiweka maua hayo namfikiria babu.

Babu alikuwa fundi katika karakana ya reli, akaishi kwenye landhies za Muthurwa, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, sehemu kubwa ya maisha yake. Kitambulisho chake hakikuwa na siku wala mwezi, mwaka tu, na mwaka wenyewe ulikadiriwa na karani. Mtu huyo ambaye hakuijua siku yake mwenyewe aliijua ya Nairobi. Waliambiana kazini, fundi kwa fundi. Nilipozaliwa alikuja na habari hiyo hadi wodini, na nilipokua alinitambulisha kwa wageni kwa maneno hayohayo: huyu ni mtoto wa siku ya reli. Babu amefariki, na mafundi wa rika lake wamebaki wachache. Wakiisha, tarehe hii itabaki vitabuni tu. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwingine atasema, na huyu ndiye ninayemheshimu zaidi: hiyo ni siku ya mkoloni, tusherehekee nini? Ni kweli reli ilijengwa kwa faida ya Uingereza. Wahindi karibu 32,000 waliletwa kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa kuwapisha walowezi waliofuata njia hiyohiyo ya reli. Mwaka uliofuata Koitalel arap Samoei, aliyewaongoza Wanandi kuipinga, aliuawa alipoitwa kwenye mazungumzo. Sasa wote hao tunawakumbuka siku gani? Ukiifuta tarehe kwa sababu ya mkoloni, unawafuta na hao pamoja naye, na mkoloni mwenyewe hana hasara.

Mwenzangu mmoja kazini ni Mwigbo kutoka Enugu, Nigeria. Tarehe 30 Mei 1967 ndiyo siku kiongozi wao Ojukwu alipoitangaza Biafra, eneo la mashariki ya Nigeria, kuwa nchi, na kilichofuata ni vita na njaa. Siku ninayoleta keki, yeye huwaombea waliokufa katika ukoo wao, kisha anakuja kukaa na mimi tunakula. Kwake kuadhimisha si lazima kushangilia. Kwetu tumeshindwa yote mawili.

Na nafasi tuliipata! Treni mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Hesabuni wenyewe: miaka 118 na siku moja. Wakaiita Madaraka, kwa heshima ya tarehe 1 Juni 1963, Kenya ilipopata serikali ya ndani, na siwalaumu kwa hilo, Madaraka ni yetu sote. Ila wangeizindua jana yake, kila mtoto wa shule angeijua tarehe hii leo. Siku moja tu! Nilikasirika wakati huo na bado nina hasira.

Msiniambie hakuna pesa. Siombi meli wala fataki. Makumbusho ya Reli yako palepale karibu na stesheni tangu 1971, na ndani kuna behewa ambalo simba aliingia pale Kima, Juni 1900, akamnyakua ofisa wa polisi Charles Ryall akiwa usingizini. Watoto wa Eastlands waingie bure siku hiyo walione. Wazee wa Kimaasai wapewe nafasi ya kwanza kuzungumza, na kama wana lawama waziseme hadharani. Majina ya waliofanya kazi ya reli yasomwe, ya Wahindi na ya Waafrika, mafundi, madereva na waliobeba mataruma.

Mwakani nitachukua likizo yangu mwishoni mwa Mei. Tarehe 30 nitakuwa mbele ya stesheni ya zamani saa nne asubuhi, kibali nitakuwa nimeshaomba. Kama babu yako au baba yako alifanya kazi ya reli, njoo na jina lake umeliandika, na kazi aliyoifanya, na mwaka kama unaujua.