Foklifti ikigonga, kosa ni la dereva peke yake?

Mtu akiumia ghalani kwa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, neno la mwanzo kusikika ni "dereva mzembe". Mara nyengine ni kweli. Dereva anayempandisha mwenzake juu ya vyuma vya kubebea mzigo ili akateremshe katoni za juu, huyo hana wa kumtetea.

Lakini foklifti si gari. Magurudumu yanayokata kona ni ya nyuma, kwa hiyo usukani ukizungushwa, mkia ndio unaofagia upande. Inayobeba tani 2.5 yenyewe huwa na uzito wa karibu tani 4, na sehemu kubwa ya uzito huo imewekwa nyuma makusudi ili mzigo usiiangushe kifudifudi. Anayepita nyuma yake haoni hatari yoyote, maana anatazama mzigo ulioko mbele. Ikipinduka, dereva anayeruka ndiye anayelaliwa na paa la chuma. Aliyefunga mkanda akabaki kitini ana tamaa kubwa zaidi ya kupona. Mambo haya hayajulikani kwa kuendesha gari ya mchanga miaka kumi. Marekani, sheria inamtaka mwajiri ampime upya dereva angalau kila miaka 3.

Wenye maghala nao wana hoja, tena nzito. Kabla ya mashine ulikuwepo mgongo wa hamali. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Polo la mchele la kilo 50 limo ndani ya kiwango hicho, ila hamali habebi moja akaenda zake nyumbani. Uti wa mgongo unaoharibika polepole hauandikwi popote kuwa ni ajali, kwa hiyo anayetaka foklifti iondoke ajue anamrudishia nani maumivu. Pia wanasema nafasi ya kutenganisha watu na mashine haipo. Anayeijua Malindi, bandari ya Unguja iliyobanwa baina ya Mji Mkongwe na bahari, hatawabishia.

Mimi nawabishia kidogo. Pasipo na nafasi ya kutenga njia ya watu na njia ya mashine, hutengwa wakati: mashine ikifanya kazi watu wakae nje, ikizimwa ndio waingie. Gharama yake ni muda, na muda hakuna anayetaka kuutoa, hasa Shaabani, wakati kila mfanyabiashara anataka tende, sukari na unga vifike dukani kabla ya mwezi kuandama. Kibarua anayelipwa kwa mzigo naye hasubiri. Akisubiri, jioni anarudi mikono mitupu.

Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005, na mzigo wa kupafanya mahali pa kazi pawe salama umewekwa kwa mwajiri. Kibarua asiye na mkataba, mguu ukisagwa, mara nyingi huambulia nauli ya hospitali na pole. Dereva hufukuzwa. Asubuhi yake mwengine anakaa kiti kile kile, na mahamali wanapita nyuma yake pale pale.