Paka rangi pambo la taa, lenzi iache

Gari za Japani zikishakaa pwani kwa muda, pambo la kromu linalozunguka taa za nyuma, au lile linalopita juu ya namba, huchakaa mapema. Linaota vidoadoa, linatutumka, kisha linabanduka vipande vyembamba vyenye makali ya wembe. Wengi huamua kulipuliza nyeusi, na uamuzi huo si mbaya, maana nyeusi inakubaliana na bodi ya rangi yoyote. Ubaya uko kwenye haraka. Kopo linanunuliwa, magazeti yanabandikwa, rangi inapulizwa juu ya kromu ileile inayong'aa, na gari likioshwa kwa presha mara chache tu rangi inavuka kama ganda la nyoka.

Kromu haishiki rangi. Plastiki iliyo chini, kwa kawaida ABS, imepakwa kiwandani shaba na nikeli, halafu kromu juu kabisa, tabaka jembamba mno lakini gumu na laini, na rangi haipati pa kung'ang'ania. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni sabuni na msasa. Kupuliza kwenyewe ni jambo la dakika chache.

Halafu toa taa kwenye gari. Anayekushauri upulize ikiwa hapohapo anakupunguzia nusu saa na kukuachia mstari mbaya pembeni, pamoja na ukungu wa rangi kwenye bampa. Kwenye Toyota nyingi unafungua mlango wa nyuma, unakutana na bolti mbili za spana namba 10, unazitoa, kisha unavuta taa moja kwa moja kuelekea nyuma. Usiivute kwa kuipindisha kando: upande wa nje umeshikwa na pini za plastiki, na zikikatika taa itacheza maisha yake yote. Soketi za balbu zinatoka kwa kuzungushwa robo mzunguko. Pambo la juu ya namba mara nyingi lina nati kwa ndani na tepu ya gundi kwa nje; lipashe moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake kama msumeno. Bisibisi itakukwaruzia bodi.

Osha kwa sabuni ya vyombo, kausha, kisha futa kwa spiriti na kitambaa safi. Usiipuuze hatua hii, kwa sababu sehemu nyingi za kuoshea magari hupaka kila plastiki nyeusi yale mafuta ya kung'arishia tairi, na mengi yana silikoni. Rangi ikikutana na silikoni inakimbia na kuacha vishimo vya duara ambavyo hata ukirudia kupuliza havizibiki. Dawa yake ni kuikwangua yote na kuanza upya. Ukifuta kabla ya msasa, futa tena baada ya msasa.

Palipobanduka, kwangua kromu iliyolegea mpaka ufike kwenye ile iliyoshika, kisha lainisha ukingo kwa msasa namba 180 na kufuatia 320 mpaka ukipitisha kidole usihisi ngazi. Vaa glavu, vile vipande vinakata. Kromu iliyobaki nzima isugue kwa namba 400 na maji hadi mng'ao wote ufe, pamoja na kwenye kona, maana rangi huanza kuvuka kwenye kona. Wapo wanaomwaga dawa ya choo yenye asidi ili kuila kromu. Inaila kweli, ila mvuke wake ni mbaya kwa mapafu na nikeli inabaki palepale, kwa hiyo msasa huukwepi.

Taa mbili na pambo la juu zinahitaji makopo matatu ya mililita 400: praima (rangi ya msingi) inayoshika plastiki na chuma, rangi, na kliya, ile vanishi angavu ya kumalizia. Nunua ya kampuni moja. Rangi ya aina moja ikipulizwa juu ya aina nyingine inaweza kukunjamana mbele ya macho yako. Lenzi, ile plastiki inayopitisha mwanga wa taa, ifunike yote kwa tepu ya karatasi, ukiikandamiza kwa ukucha pale inapokutana na pambo.

Saa nne hadi saa nane mchana, siku isiyo na mvua, ndio wakati mzuri, ila kivulini. Plastiki iliyochomwa na jua inakausha rangi kabla haijatandaa na uso unatoka na vipele. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama Aprili ya Dar, kliya inapauka na kuwa na weupe wa maziwa. Mwagia sakafu maji vumbi litulie, na uvae barakoa ya kemikali; ya kitambaa haizuii mvuke.

Tikisa kopo dakika mbili baada ya gololi kuanza kulia. Shika umbali wa sentimita 25, anza kupuliza nje ya kipande, pita, na uachie ukishakivuka. Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, bado unaona kilicho chini. Hapo ndipo wengi hukosa subira, wanataka weusi kamili mara moja, rangi inachuruzika. Subiri dakika kumi, rudia, mara tatu. Praima ikikauka ipitishe msasa namba 800 na maji, kisha rangi, kisha kliya kwa kufuata muda ulioandikwa kwenye kopo. Tepu itoe rangi ikiwa haijakauka kabisa, ukiivuta taratibu kwa kuikunja nyuma.

Nyeusi isiyong'aa kabisa siipendekezi: inashika vumbi na mafuta ya vidole, na ukiisugua inapata mabaka. Ya mng'ao wa wastani ndiyo inayodumu na kusafishika.

Kuhusu lenzi sina mjadala. Lile kopo la kufanya taa kuwa na moshi linapunguza mwanga wa balbu ya breki ya wati 21, na ile ya usiku, wati 5, linakaribia kuizima. Vibaya zaidi, linafunika kiakisi mwanga, kile kinachoonyesha gari lililoharibika kando ya barabara ya Chalinze usiku likiwa halina hata taa moja. Rangi ikidondokea lenzi kwa bahati mbaya, isugue kwa dawa ya kung'arishia bodi. Thina inaipasua nyufa ndogondogo zisizofutika. Na pambo lililo ndani ya lenzi liache, kwa kuwa taa nyingi za nyuma zimechomelewa kiwandani, haziachani kwa kupashwa moto kama zile za mbele zilizoshikwa na gundi.

Acha vipande vikae saa 24 kabla ya kuvifunga, na gari lisioshwe kwa presha kwa wiki moja. Wakati wa kufunga angalia ile sponji ya nyuma ya taa: ikiwa imechanika, badilisha, la sivyo mvua ya kwanza itajaza maji kwenye buti, palipo na tairi la akiba.