Porini Marekani napata runinga bure, Bongo mpaka king'amuzi

Kuna raha moja ya kijinga naipata huku Marekani kila tukienda kupiga kambi. Nasimama ndani ya lile gari lenye vitanda na jiko, nazungusha kishikio cha darini ili antena ya juu ya paa igeuke, na mke wangu kaikodolea macho runinga: "Bado... bado... hapo hapo, usiguse!" Nani wa rika langu hajawahi kushika mlingoti uani huku mdogo wake akipiga kelele dirishani kwamba chenga zimerudi?

Huku chenga hakuna. Mawimbi ya dijitali yakidhoofika picha inaganda, inakatika vipandevipande, halafu giza. Kwa hiyo unageuza kidogo, unasubiri, unaiamuru runinga isake chaneli upya, maana ukihama kambi, chaneli za jana hazikusaidii. Ukutani kuna swichi yenye kitaa kidogo inayopeleka umeme wa volti 12 kwenye kikuza mawimbi. Usipoiwasha utazungusha mpaka mkono uchoke. Na ukiondoka bila kuishusha antena, tawi la kwanza njiani litakukumbusha.

Basi, ikikaa sawa, zinaingia chaneli kubwa za huku: NBC, CBS, ABC, Fox, PBS. Bure. Porini! Hakuna aliyeniuliza namba ya kadi, hakuna ujumbe kwamba kifurushi changu kimekwisha dakika ya themanini. Kinachopokea mawimbi kimo ndani ya runinga yenyewe; tangu Machi 2007 sheria yao hairuhusu runinga mpya iingizwe nchini bila hicho kifaa. Walipozima mfumo wa zamani wa analojia Juni 2009, kila stesheni kubwa ilibaki na matangazo yake hewani, anayetaka ainue antena adake.

Sisi tulizima Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na tukajisifu, kwa haki kabisa, kwamba tumewatangulia majirani. Lakini kazi ya kurusha ilikabidhiwa kwa wachache wenye leseni, na haohao ndio wauza ving'amuzi. Yaliyofuata mnayajua: kila kampuni na king'amuzi chake. Na mwaka 2018, chaneli za nyumbani zilipoondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia vya setilaiti, sina haja ya kuwasimulia, simu zenu za malalamiko nilizipokea mimi.

Haya, nawasikia. "Kashapanda ndege huyo, sasa kila cha Bongo kibovu." Ndugu zangu, sijasema Marekani ni pepo. Ingia kwenye mabonde ya West Virginia uone: mawimbi hayapindi kona, mlima ukikaa kati yako na mnara unatazama ukuta. Wenye ungo wa setilaiti nao lazima wapate anga wazi upande wa kusini, mti mmoja tu unawaharibia jioni, na wanalipa kila mwezi kama nyinyi. Nikiwaona na vipimo vyao vinavyolia namkumbuka fundi ungo wa mtaani kwetu, asiye na kipimo chochote, anayeugonga kidogo kwa kiganja na kuuliza, "Imekuja?" Imekuja. Huyo hapa angekuwa tajiri.

Tena kambi nzima ina runinga, na kila familia imeshusha pazia lake. Hakuna mtoto anayechungulia kwa jirani. Siku ya Simba na Yanga mimi nataka kibanda umiza, tubanane kutazama mpira pamoja, nataka yule mzee anayemtukana refa kabla mpira haujaanza. Hapo Wamarekani hawatuwezi, na sibishani na mtu.

"Sasa ulienda porini kutazama runinga?" Ndiyo. Mvua ilikuwa inanyesha, watoto wamechoka, ulitaka nihesabu miti?

Mwingine atasema chaneli za taifa nyumbani nazo ni za bure. Za bure kwa mwenye king'amuzi. Na king'amuzi cha kampuni hii hakidaki cha kampuni ile. Mniambie kwamba si ghali, nitakubali. Lakini mbona kwa shangazi yangu vimepangana vitatu chini ya runinga moja, rimoti nne mezani, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku haipati mpaka amwite mjukuu?