Kofia Inasingiziwa

Marubani wana tusi lao la kistaarabu: "Yule kapata cheti cha kuruka kwa vyombo bila kuingia wingu hata moja." Kuruka kwa vyombo ni kuongoza ndege kwa kusoma vipimo vyake, bila kuona nje. Na si uongo. Kanuni za Marekani zinadai saa 40 za kuruka kwa kutegemea vyombo, ndani ya wingu halisi au kwa kuigiza, yaani mwanafunzi kavaa kofia yenye ukingo mrefu wa kumziba nje, na mkufunzi pembeni ndiye anayeangalia anga. Zote 40 zaweza kuisha hivyo, na mtihani wa vitendo nao ukafanywa jua likiwaka.

Wanaotaka kila mwanafunzi aingizwe kwanza kwenye wingu halisi huja na namba yao: sekunde 178. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwachukua watu 20 wasiojua kuruka kwa vyombo, wakazibwa wasione nje. Ndege iliwashinda wote. 19 waliishia kwenye mzunguko wa kuporomoka. Wa haraka zaidi alidumu sekunde 20, aliyejitahidi 480, wastani 178. Namba hiyo hutajwa kama ushahidi wa ubaya wa wingu. Lakini wingu lenyewe halikuwapo! Jaribio lilikuwa la kuigiza. Kilichowaponza ni masikio yao, na sikio la ndani halijui kama kilichoziba dirisha ni mvuke au plastiki.

Mkufunzi mzuri hukuambia uokote kalamu iliyoanguka sakafuni. Unainama, unageuza shingo, unaokota. Ukiinuka, mwili unakuapia kwamba mabawa yako sawa. Ukitazama upeo bandia, kile chombo kinachoonyesha ndege imelalaje, imelala digrii 30 kushoto. Somo hilo chini ya kofia laweza kurudiwa mara 5 kwa saa moja, kisha mkufunzi akaziba hata upeo bandia wenyewe. Wingu haliji kwa ratiba, na likija huenda limebeba barafu au radi, mambo ambayo ndege ndogo ya mafunzo haiyawezi.

Kofia ina matundu yake, sikatai. Ndege ikigeuka, mwanga wa jua hutambaa magotini na kukunong'oneza jibu. Jicho nalo huiba pembeni. Aliyezoea kuiba atabaki ndani ya kosa la futi 100 za mwinuko na digrii 10 za uelekeo ambalo mtihani unamruhusu, na hatajua kwamba ameiba.

Hoja yao nzito iko mwisho kabisa wa safari. Futi 200 juu ya ardhi mtahini anasema "tazama", unavua kofia, na njia ya kutua iko mbele, nzima, kavu. Katika wingu unaona taa mbili tatu zilizofifia, kioo kinachuruzika maji, na una sekunde chache za kuamua: utue, au upae tena. Hapo sina ubishi. Yakipatikana mawingu tulivu, mwanafunzi apelekwe kabla ya mtihani.

Ila kumzuia miezi akisubiri wingu ni kumwacha aoze. Ustadi huu huchakaa upesi. Hata mwenye cheti hudaiwa mikaribio 6, yaani kuushukia uwanja kwa vyombo mara 6, ndani ya miezi 6 ili aruhusiwe kuendelea kuutumia. Tena nusu ya somo la taa zilizofifia yaweza kufundishwa leo, kwa kofia ileile: ndege inafika futi 200, mwanafunzi anasubiri "tazama", na mkufunzi ananyamaza kimya. Hapo ni kupaa tena.