Kutalii jimbo lako mwenyewe: hoja ni nzuri, ila sio zote zina mashiko

Kuna ushauri unaozunguka sana Marekani, kwamba kabla hujakata tiketi ya Paris au ya ufukweni Cancún, Mexico, anza na jimbo lako, kaone mapango, majumba ya zamani, viwanja vya vita, vyote viko masaa mawili matatu kwa gari na wewe umekaa hapo miaka yote hujawahi kukanyaga. 2020 mipaka ilipofungwa ushauri huu ulipata nguvu zaidi maana watu hawakuwa na pa kwenda. Mimi naukubali kwa sehemu kubwa, ila wanaoupigia debe wana sababu nyingine ambazo ukizishika kidogo tu zinalegea, na ile yenye uzito kuliko zote wala huwa hawaigusi.

Tuanze na hela maana ndio hoja ya kwanza ya kila mtu. Kwenye gharama sioni cha kubishana, hakuna ndege, hakuna viza, unaenda asubuhi jioni uko kwako. Na kuna sehemu ushalipa bila kujua. Missouri kwa mfano hawatozi kiingilio kwenye hifadhi za jimbo, mwaka 1984 wapigakura walipitisha kodi ndogo ya mauzo, moja ya kumi ya asilimia moja, inayoenda kwenye hifadhi na kwenye kutunza udongo na maji. Yaani mtu wa Missouri kila akinunua soksi anachangia, na asipoenda basi anawagharamia wenzake wakafurahie, wakiwemo wa majimbo ya jirani maana kiingilio hakuna kwa yeyote.

Hoja ya pili, kwamba ukitalii nyumbani unakuza uchumi wa jimbo, hapo ndio nasita. Mtu wa St. Louis, jiji kubwa la Missouri, akienda wikiendi Hannibal, mji mdogo wa humo humo aliokulia mwandishi Mark Twain, akala akalala huko, hiyo hela si mpya kwa Missouri, angebaki nyumbani angeitumia sinema au mgahawani humo humo jimboni. Hela mpya inakuja na mgeni wa nje, au na mtu ambaye kweli alikuwa anaenda Cancún akaghairi. Kilichofanyika hapo ni hela kutoka jiji kubwa kwenda mji mdogo, na kwa mji mdogo hiyo sio kitu cha kudharau, inaweza kuwa ndio inayoweka makumbusho wazi miezi ya baridi. Kwa hiyo faida ipo, ila ni ya kugawana kilichopo, na mwanasiasa akikwambia uchumi wa jimbo zima utapaa kwa sababu umeenda kupiga picha kwenye pango ujue anatia chumvi.

Upande wa pili wapo wanaosema kusafiri maana yake ni kwenda usikokujua, kwenu unapajua sasa unaenda kutafuta nini. Unapajua kweli? Wengi wetu tunajua njia ya kazini, supamaketi na nyumba za ndugu wawili watatu, basi. Halafu kuna ile ya kuahirisha, "ipo tu, nitaenda siku moja", na hii ndio inayoua zaidi kuliko kutopenda. St. Louis zamani waliita Mji wa Vilima kwa sababu ya vilima vya udongo walivyojenga wenyeji wa asili karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Kile kikubwa kabisa kilikatwa kidogo kidogo mpaka 1869 kikaisha, udongo ukaenda kujazia njia ya reli. Kuna picha zake alizopiga Thomas Easterly, kwenye zile za mwisho kilima kimebaki kipande kilichosimama wima na watu wamekaa juu na chini yake wanapigwa picha. Watu wa mji walikuwepo, walikiona kila siku, na kuonwa kila siku hakukukisaidia chochote.

Sasa ile hoja nzito. Alama za kihistoria za jimbo hazikuota zenyewe, kuna aliyechagua kipi kiwekewe kibao na kipi kipitwe, na mgeni rahisi kuliko wote kudanganywa ni mwenyeji, kwa sababu stori inamsifia yeye na mababu zake. Chukua Tao la St. Louis, mnara wenye umbo la upinde, mita 192, lilikamilika 1965, linasifia watu walioenda kuifungua magharibi. Kupanda kwake kwenyewe ni burudani, unaingia kwenye kijichumba cha kupandia chenye viti vitano, kichwa umeinamisha, magoti yanagongana na ya usiyemjua, kama dakika nne hivi uko juu unachungulia kwenye vidirisha vyembamba. Ili uwanja wake upatikane walivunja mitaa karibu 40 ya mji wa kale kando ya mto kuanzia 1939, kwa hiyo kumbukumbu ya historia imekaa juu ya historia iliyofutwa. Na hapo hapo, dakika chache kwa miguu, kuna mahakama ya zamani ambako 1846 Dred Scott na mkewe Harriet, waliokuwa watumwa, walifungua kesi kudai uhuru wao, kesi iliyoishia Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1857 kwa kuambiwa Mtu Mweusi sio raia wa Marekani. Kwenye ngazi za jengo hilo hilo watumwa waliuzwa ili kugawa mirathi. Ukipanda Tao ukarudi nyumbani umeona nusu, na hiyo nusu ndio inayopendeza.

Oklahoma ni mfano mkali zaidi. Mtaa wa Watu Weusi wa Greenwood, mjini Tulsa, ulichomwa na kundi la Wazungu tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921, na miaka mingi baadaye watu walizaliwa Oklahoma, wakasoma Oklahoma, wakamaliza shule bila kusikia habari hiyo. Jimbo liliunda tume 1997, ripoti ikatoka 2001. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, mwenyeji angeweza kuzunguka jimbo zima akisoma kila kibao na bado asijue. Na tusijifanye jimbo lilikuwa "nyumbani" kwa wote kwa kiwango kimoja: mgawa barua aliyeishi Harlem, New York, Victor Hugo Green, alianza 1936 kuchapisha mwongozo wa kuwaonyesha wasafiri Weusi wapi watalala na kula bila kufukuzwa, na walikuwa wanauhitaji hata ndani ya majimbo yao wenyewe.

Ila hapo hapo ndio mwenyeji ana kitu ambacho mtalii wa siku mbili hana. Anarudi. Anaweza kumuuliza mtembezaji swali lililoachwa mwaka jana, anajua jina la ukoo lililoandikwa kwenye jiwe ndio hilo hilo la mwenye benki, anapiga kura, na kibao kikiwa na uongo anaweza kusumbua ofisi mpaka kibadilishwe. Mgeni atapiga picha aondoke. Kwangu hii inatosha kuushinda ule upande wa "kwenu unapajua", bila hata kuhitaji hoja ya uchumi.

Ninachokataa kabisa ni hilo neno jimbo kuwa mpaka wa safari. Vuka mto Mississippi kutoka kwenye Tao, kama kilomita 13 hivi, uko Cahokia, mji mkubwa wa wenyeji wa asili uliokuwa kwenye kilele chake karibu na 1100, UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 1982. Kilima chake kikubwa kina kama mita 30, udongo ulibebwa kwa vikapu, unapanda ngazi mpaka juu na hali ya hewa ikiwa safi unaliona Tao kule ng'ambo. Lakini ni Illinois, na ofisi ya utalii ya Missouri inayolipwa na kodi ya Missouri haina sababu ya kukupeleka huko. Mtu wa St. Louis anayefuata kampeni ya jimbo lake anaweza kuendesha masaa manne kwenda upande wa pili wa Missouri huku mji huu ukiwa dakika 15 tu kwa gari. Pima kwa mafuta ya gari lako, mpaka wa jimbo achana nao.